IL-2 na kipokezi chake: nani huamua seli T ikue

Ukiuliza IL-2 (interleukini-2, moja ya sitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hutumia kupeana ujumbe) inafanya nini mwilini, jibu utakalopewa haraka ni kwamba inakuza seli T, kundi la seli nyeupe za kinga. Ni kweli, ila nusu. IL-2 hiyohiyo, katika damu ileile, huiamsha seli moja igawanyike, huiacha jirani yake imelala, na huipa nguvu seli ya tatu ambayo kazi yake ni kuzizuia hizo mbili. Tofauti haiko kwenye IL-2. Iko kwenye utando wa kila seli: imebeba vipande gani vya kipokezi, na vingapi. Nikifundisha sitokini, hapa ndipo ninapotaka mwanafunzi aanzie, kabla hajakariri hata JAK moja (kimeng'enya cha ishara ndani ya seli).

Protini yenyewe ni ndogo, asidi amino 133, uzito wa kilodaltoni 15.5 hivi. Morgan, Ruscetti na Gallo waliieleza mwaka 1976 nchini Marekani kama kitu kilichomo katika majimaji ya seli zilizochochewa, kinachowezesha seli T za binadamu kuendelea kuzaliana maabara. Jeni yake ilinakiliwa Japani mwaka 1983 na kundi la Taniguchi.

Kipokezi chake kina minyororo mitatu. Alfa ndiyo CD25. Beta ni CD122. Gama ni CD132, nayo huitwa gama ya pamoja kwa sababu inatumiwa pia na IL-4, IL-7, IL-9, IL-15 na IL-21. Nguvu ya mshiko hupimwa kwa Kd, yaani kiwango cha sitokini kinachotosha kukalia nusu ya vipokezi. Namba ikiwa ndogo, mshiko ni mkali. CD25 peke yake ina Kd ya nanomola 10 hivi, na huiachia IL-2 upesi. Mkia wake ndani ya seli ni wa asidi amino 13 tu, haushiki kimeng'enya chochote cha ishara. Seli yenye CD25 pekee inaweza kuoga ndani ya IL-2 na isisikie chochote. Beta na gama zikiwa pamoja hushika kwa nanomola 1 hivi, na hizo ndizo zinazopeleka ishara. Zikikutana zote tatu, Kd hushuka hadi pikomola 10 hivi, yaani mshiko mkali mara mia kuliko wa beta na gama peke yao.

Namba hizo hazina faida zikibaki kwenye ubao, kwa hiyo tuzigeuze kuwa kipimo tunachotumia mezani. Miligramu moja ya IL-2 ya kutengenezwa (aldesleukin) ina yuniti za kimataifa milioni 16.4 hivi. Yuniti moja basi ni nanogramu 0.06. Pikomola 10 ni kama yuniti 2.5 kwa mililita. Nanomola 1 ni kama yuniti 250 kwa mililita. Sasa picha inaonekana. Ukiweka yuniti 5 kwa mililita kwenye mchanganyiko wa seli za damu, zitakazoitika vizuri ni zile zenye minyororo mitatu: hasa seli T za udhibiti, zile zinazozuia wenzake, ambazo hubeba CD25 nyingi saa zote, na seli T zilizochochewa karibuni. Seli NK nyingi (seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa na za saratani) na seli T CD8 za kumbukumbu, zenye beta na gama bila CD25 ya maana, zitasubiri hadi ufike mamia. Ndiyo sababu IL-2 ya dozi ndogo inajaribiwa kutuliza magonjwa ya kinga inayoushambulia mwili, ilhali dozi kubwa, yuniti 600,000 kwa kilo kila baada ya saa 8, iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa. Dawa ni moja. Kilichobadilika ni kipokezi kinachofikiwa. Na dozi hiyo kubwa ina gharama yake: mishipa midogo huvuja, presha hushuka, maji hujaa mapafuni, kwa hiyo hutolewa penye uangalizi wa karibu tu.

Tuingie ndani ya seli. Beta na gama hazina kimeng'enya chao. Kila mmoja hubeba JAK: beta hubeba JAK1, gama hubeba JAK3, zimeshikizwa karibu kabisa na utando. Mwisho wa JAK kuna kimeng'enya halisi kinachobandika fosfeti. Kabla yake kuna sehemu inayofanana nacho lakini kazi yake kubwa ni kukizuia kisiwake bila sababu. Uzito wa breki hii unauona kwa JAK2: badiliko la asidi amino moja, V617F, lililoelezwa mwaka 2005, linatosha kumfanya mtu atengeneze seli nyekundu kupita kiasi hata homoni ya kuziagiza ikiwa chini.

IL-2 inapofika kwenye seli yenye minyororo yote, CD25 huwa ya kwanza kuishika, beta hufuata, gama hufunga. Beta na gama sasa zimekaribiana, na JAK zake zimekaribiana pia, kiasi cha kubandikiana fosfeti kwenye tairosini, moja ya asidi amino zake. Zikishawaka hugeukia mkia wa beta. Tairosini ya 338 ikipata fosfeti hushikwa na Shc, protini ya kuunganisha, na hapo zinaanza njia mbili za ishara: Ras hadi ERK, na PI3K hadi Akt na mTORC1. Tairosini za 392 na 510 ni kituo cha STAT5, protini inayobeba ishara hadi kwenye DNA.

STAT5 zipo mbili, A na B, zinazofanana karibu kabisa. Zinaelea ndani ya seli zikisubiri. Zikishika mkia wa beta, JAK huzibandika fosfeti kwenye tairosini ya 694 kwa STAT5A au 699 kwa STAT5B. Zinaachia mkia, zinashikana mbili mbili kila moja ikiikamata fosfeti ya mwenzake, zinaingia kwenye kiini, na kukaa juu ya DNA penye mfuatano TTCNNNGAA (N ni herufi yoyote). Kati ya jeni zinazowashwa kuna BCL2 ya kuizuia seli isife, CCND2 ya kusukuma mgawanyiko, CISH ya kupunguza ishara yenyewe, na IL2RA. Hiyo ya mwisho ndiyo jeni ya CD25. Seli iliyosikia IL-2 inajiongezea sikio la kusikia IL-2 zaidi, na jirani yake aliyechelewa kidogo anazidi kuachwa nyuma. Mashindano mengi kati ya seli T huamuliwa hapa.

Kuzima hakungoji kuwasha kuishe. Kipokezi kilichoshika IL-2 humezwa ndani ya seli kwa dakika chache. Beta na gama husagwa, alfa hurudi juu. SOCS1, protini ya breki, hukaa kwenye JAK na kuzuia kimeng'enya chake. Vimeng'enya vingine huondoa fosfeti moja kwa moja. Matokeo ni kwamba fosfeti ya STAT5 hufika kileleni kati ya dakika 15 na 30, kisha hushuka hadi kiwango kinachotegemea IL-2 iliyobaki nje.

Lakini STAT5 kuwaka si sawa na seli kukua, na hapa wengi huchanganya. Seli T iliyopumzika haigawanyiki kwa kumwagiwa IL-2 tu. Kwanza kipokezi chake cha antijeni (kitu kigeni ambacho seli hukitambua) kichochewe, pamoja na CD28, kipokezi cha msaada. Ndipo CD25 ipande ndani ya saa 24 na kufika juu siku ya 2 au ya 3. IL-2 inaisukuma seli ambayo tayari imeamka ipite awamu ya G1, ya maandalizi, na kuingia S, ambako DNA hunakiliwa. Mwaka 1984 Cantrell na Smith walionyesha kwamba kuna mambo matatu yanayoamua kama seli itavuka: kiwango cha IL-2, idadi ya vipokezi, na muda. Seli hujumlisha ishara kwa saa nyingi. Ukiiondolea IL-2 katikati, itakwama kabla ya S; iliyokwisha kuvuka itamaliza mzunguko wake. Wakati huo mTORC1 inajenga mwili wa seli: milango ya glukosi na ya asidi amino huongezeka kwenye utando na protini hutengenezwa kwa kasi, kwa hiyo chini ya hadubini utaona seli zimenenepa na zimejikusanya mafungu kabla hujahesabu hata ongezeko moja. Inyime seli IL-2 baadaye, baada ya kuizoea, nayo hufa kwa sababu BCL2 imeshuka. Ndiyo maana chupa ya seli T huongezewa IL-2 kila siku 2 hadi 3: seli zenyewe huila.

Kipimo kinachoonyesha haya yote kwa macho ni fosfeti ya STAT5 kwenye flo saitometa, mashine inayopima mwanga wa rangi kwa kila seli. Si kigumu, ila kina mitego, na mitego hiyo haitajwi ipasavyo kwenye karatasi zinazokuja na vifaa.

Anza na damu ya heparini, ya siku hiyohiyo, isiyowekwa kwenye barafu. Tenga seli nyeupe kwa majimaji ya Ficoll yenye uzito wa 1.077, zioshe mara mbili, ziache zipumzike saa 1 hadi 2 kwa nyuzi 37 kwenye RPMI (majimaji ya kulea seli) isiyo na seramu. Mapumziko haya si anasa. Kutenga seli kwenyewe huzitikisa, na seramu ina vitu vinavyowasha STAT. Ukiruka hatua hii, mirija isiyo na IL-2 itawaka na huna cha kulinganisha.

Weka seli 500,000 katika maikrolita 90 kwa kila mrija. Tengeneza IL-2 yenye nguvu mara kumi ya unayotaka, kisha ongeza maikrolita 10. Mlolongo wa yuniti 0, 1, 10, 100 na 1,000 kwa mililita unatosha kuonyesha makundi yote mawili, ya minyororo mitatu na ya miwili. Mrija mmoja upewe IL-7, nanogramu 10 kwa mililita: seli T za kawaida zina CD127, sehemu ya kipokezi cha IL-7, na zitaitika hata zikiwa zimepumzika, kwa hiyo huu ndio mrija unaokuambia kama kipimo chenyewe kinafanya kazi. Mwingine upewe tofacitinib, dawa inayozuia JAK, maikromola 1 kwa dakika 30 kabla ya IL-2; usipozimika, unachokiona si ishara ya JAK.

Dakika 15 kwa nyuzi 37. Kisha, bila kuzungusha kwenye sentrifuji wala kumwaga chochote, ongeza maikrolita 11 za paraformaldehaidi ya asilimia 16 moja kwa moja kwenye maikrolita 100 zilizomo. Hiyo inakupa asilimia 1.6, na huzigandisha seli zilivyo (kwa kemikali, si kwa baridi). Acha dakika 10 kwenye joto la chumba. Wanaozungusha seli kwanza ndipo wazigandishe hupoteza dakika 5 au zaidi, na muda wote huo vimeng'enya vya kuondoa fosfeti viko kazini. Ukiona ishara dhaifu na vifaa vyote ni vizima, kagua hatua hii kabla ya kununua kingamwili mpya.

Osha, kisha vunja kidonge cha seli (fungu lililokaa chini ya mrija) kwa kugongagonga mrija hadi kusiwe na bonge. Ongeza mililita 1 ya methanoli iliyotoka kwenye nyuzi chini ya sifuri 20, tone kwa tone, huku mrija ukitikiswa kwenye vorteksi. Weka kwenye barafu dakika 30. Methanoli inafungua kiini na kuifunua tairosini ya STAT5 ili kingamwili iifikie. Sabuni nyepesi zinazotosha kwa sitokini za ndani ya seli hazifanyi kazi hiyo vizuri. Ukimwaga methanoli kwa mkupuo juu ya kidonge, seli zitashikamana kama gundi na hazitaachana tena. Faida moja ya hatua hii: mirija inaweza kufungwa vizuri na kukaa kwenye friza, ikapimwa siku nyingine pamoja na mingine. Kwa maabara zetu, ambako siku moja umeme upo na kesho haupo, hilo si jambo dogo.

Osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi) yenye BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 0.5. Seli zilizopita kwenye methanoli ni nyepesi na hazizami kirahisi, kwa hiyo zungusha kwa 600 g hivi na umimine taratibu. Wengi hupoteza nusu ya seli hapa bila kujua. Kisha weka kingamwili zote kwa pamoja, dakika 45 gizani: ya STAT5 yenye fosfeti, kisha za alama za kutenganisha makundi ya seli: CD3, CD4, CD25, FOXP3, na CD56 ukitaka NK.

Rangi zinazong'aa zilizobandikwa kwenye kingamwili ndizo huwaangusha watu. PE, APC, PerCP na rangi zilizounganishwa juu yake ni protini au zimejengwa juu ya protini, na methanoli huziharibu. Zipake baada ya methanoli, kamwe si kabla. FITC na zile za Alexa, kama 488 na 647, huvumilia. Baadhi ya kingamwili za CD nazo hazitambui tena shabaha yake baada ya methanoli, kwa hiyo jaribu kila moja kwenye seli zilizogandishwa na zisizogandishwa kabla ya kuiamini. Kuna mtego mwingine kwa CD25 hasa. Mtu akiona haionekani vizuri baada ya methanoli huamua kuipaka mwanzoni, kabla ya IL-2. Kingamwili ya anti-Tac, moja ya zinazoshika CD25, hukaa palepale IL-2 inapokaa. Ukiitumia hivyo umekiziba kipokezi unachokipima, na utaandika kwamba seli T za udhibiti za mgonjwa haziitiki.

IL-2 yenyewe inataka adabu. Zungusha kichupa kabla ya kukifungua, maana unga hung'ang'ania kifunikoni. Ni protini isiyopenda maji yasiyo na asidi, kwa hiyo matoleo mengi huyeyushwa kwanza kwa asidi ya asetiki nyepesi jinsi karatasi yake inavyoelekeza, kisha hupunguzwa kwa majimaji yenye BSA asilimia 0.1. Bila BSA, dozi ndogo hubaki kwenye ukuta wa plastiki: umeandika yuniti 1, seli imepata robo. Gawa kwenye vichupa vidogo, friza ya chini ya sifuri 80, na kilichoyeyuka kisirudishwe.

Ukisoma majibu, tumia mediani ya mwanga ya kila kundi ukilinganisha na mrija wa sifuri wa mtu huyohuyo. Asilimia ya seli zilizowaka pekee huficha tofauti, kwani kwa yuniti 100 seli za udhibiti zote zimekwisha kuwaka. Tofauti ya kweli iko kwenye yuniti 1 na 10.

Mnyororo wa gama ukikosekana, madhara yake huenda mbali kuliko IL-2. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba mabadiliko kwenye jeni yake, IL2RG iliyoko kwenye kromosomu X, ndiyo chanzo cha aina ya ukosefu mkubwa wa kinga unaowapata watoto wa kiume. Watoto hao hawana seli T wala NK, lakini seli B, zinazotengeneza kingamwili, wanazo, ingawa hazifanyi kazi yake. Lawama si ya IL-2: panya wasio na IL-2 wana seli T, tena wanaugua utumbo kwa sababu seli za udhibiti zimedhoofika. Seli T hazizaliwi kwa sababu IL-7 imekosa gama, na NK kwa sababu IL-15 imekosa gama. JAK3 ikiharibika, ugonjwa ni uleule, ila huwapata na wasichana. STAT5B ikiharibika, kama ilivyoelezwa mwaka 2003, mtoto ana kasoro ya kinga na pia ni mfupi sana, kwa sababu homoni ya ukuaji nayo hupita kwenye STAT5B.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili linatugusa mapema mno, kwa kuwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, hutolewa mtoto anapozaliwa. Ni chanjo hai. Kwa mtoto asiye na seli T inaweza kusambaa kwenye tezi, ini, mifupa. Dalili za kukufanya ufikirie ugonjwa huu: kidonda cha chanjo kisichopona na tezi za kwapa kuvimba, utando mweupe mdomoni usiokwisha, kuhara, nimonia za mfululizo, uzito kusimama. Kwetu fikra ya kwanza ni VVU, na ni sawa kupima. Ila PCR, kipimo cha virusi hivyo, ikirudi hasi, usifunge faili. Chukua ile karatasi ya picha kamili ya damu ambayo tayari unayo na usome idadi ya limfosaiti (seli T, B na NK kwa pamoja), si asilimia. Mtoto mchanga mwenye chini ya 3,000 kwa maikrolita anahitaji kuhesabiwa seli T. Idadi ya kawaida pia haimwondoi kabisa, kwa sababu seli B zinaweza kujaza hesabu, na seli T za mama zinaweza kuwa zimevuka na kukaa kwake. Wakati majibu yanasubiriwa, chanjo hai nyingine, ya rota na ya polio ya matone, zisitolewe, na damu yoyote ya kuongezewa iwe imepigwa mionzi. Bakteria wa BCG kwa asili hawasikii pirazinamidi, kwa hiyo mseto wa kawaida wa dawa za kifua kikuu ukitumika kama ulivyo, dawa moja kati ya nne inamsumbua mtoto bure.

Kwa watu wazima, njia hiihii sasa huzimwa kwa makusudi. Tofacitinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa baridi yabisi, miligramu 5 mara mbili kwa siku, huzuia hasa JAK1 na JAK3. Maumivu ya viungo hupungua, lakini interferoni gama (sitokini nyingine, si mnyororo wa gama), ambayo makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, huihitaji ili kubana kifua kikuu, nayo hutegemea JAK1 pamoja na JAK2. Mkanda wa jeshi pia huongezeka. Kipimo cha kifua kikuu kilichojificha na picha ya kifua vifanyike kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu kipimo cha damu chenyewe huhesabu interferoni gama inayotolewa na seli T. Mgonjwa akihitaji dawa za kuzuia kifua kikuu kisiamke, rifampisini hushusha sana kiwango cha tofacitinib kwenye damu kupitia ini, kiasi kwamba mgonjwa anameza dawa ya viungo isiyomfikia. Isoniazidi haina tatizo hilo, na kwa kawaida hutangulizwa angalau mwezi mmoja kabla ya tofacitinib kuanza.